Kwenda kumwona kipunji mlima Rungwe kwa siku moja: lala Tukuyu, usitokee Mbeya asubuhi

Nianze na jibu kwa wanaouliza kama ile safari inalipa. Inalipa, tena sana, ila kwa masharti ambayo wauza safari wengi wa mjini hawakwambii. Nazungumzia safari ya siku moja ya kwenda kumwangalia kipunji kwao, kwenye msitu wa mlima Rungwe, mnaingia na mwongozaji alfajiri mnatoka mchana mnakula mnarudi, hamna kulala kwenye hema wala nini. Tulikuwa mimi, wifi yangu, mwanae wa kidato cha pili na mama mmoja mwalimu kutoka Kyela tuliyekutana nae hukohuko, jumla wageni wanne, na hiyo idadi ikumbuke maana ntairudia huko chini.

Kwa ambae hamjui, kipunji ni wa jamii ya nyani na tumbili, ana manyoya marefu ya kahawia, uso mweusi tii, kichwani nywele zimesimama shungi, tumbo jeupe jeupe na ncha ya mkia nayo jeupe. Dunia nzima anapatikana sehemu mbili tu na zote ni Tanzania, huku kwetu Rungwe kuungana na Kitulo upande wa milima ya Livingstone, na msitu wa Ndundulu kule Udzungwa. Basi. Wanasayansi walimfikia mwaka 2003 baada ya kusikia wawindaji wa huku wanamtaja taja, ikatangazwa 2005, na 2006 wakampa jenasi yake peke yake, yaani kundi lake mwenyewe kwenye ukoo wa wanyama, kitu ambacho hakikuwahi kutokea kwa jamii ya nyani na tumbili wa Afrika tangu 1923. Kilichosaidia ni kipunji mmoja aliyenasa kwenye mtego wa mkulima shambani kwenye mahindi, hapohapo Rungwe, wakapima vinasaba vyake wakakuta ana undugu wa karibu na nyani wa kawaida kuliko wale waliokuwa wanamfananisha nao. Sensa ya kwanza iliyotoka 2008 ilihesabu 1,117 tu. Yaani ukichukua wanafunzi wa shule moja kubwa ya sekondari hapa Mbeya ulikuwa unakaribia idadi yao yote duniani wakati huo.

Sasa mtu wa Mbeya anapanda basi kutwa nzima kwenda kuona simba kaskazini, na hajawahi kupita Isongole, pale barabara ya Tukuyu, akanyanyua macho kuangalia huo msitu. Inaniuma, na ndio maana naandika kirefu.

Tuanze na kuweka oda. Hawa tuliokwenda nao ni kikundi cha vijana na wazee wa vijiji vya pembeni ya msitu, mawasiliano yote yalikuwa WhatsApp, na jambo la kwanza walilonitumia kabla hata ya bei ni meseji inayosema hatuahidi kumwona kipunji, tunaahidi kumtafuta kwa bidii. Hapo ndio nikawaamini. Nilishawahi kuongea na kampuni moja ya mjini, siitaji, ikaniambia asilimia mia unamwona na picha unapata, sasa mnyama wa porini asiyefungwa kamba wala kuwekewa chakula utamwahidije mtu asilimia mia? Bei ilikuwa elfu themanini kwa kichwa, ndani yake mwongozaji, msaidizi, chakula cha mchana na bodaboda za kutufikisha mwisho wa barabara. Kiingilio cha msitu ni tofauti, kinalipwa serikalini kwa kontroo namba maana Rungwe ilitangazwa hifadhi ya mazingira asilia 2009 na saivi iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Walinitumia kontroo namba yenyewe nikalipa kwa simu, risiti ikaja kwa jina langu. Akikwambia mtu mpe yeye hela ya kiingilio mkononi atakulipia, omba kontroo namba kwanza.

Kuhusu muda, hapa naomba unisikilize vizuri. Mbeya mpaka Tukuyu ni kama kilomita 70 lami tupu, ukipanda kosta pale stendi ya Nane Nane hata masaa mawili hayaishi kama haisimami simami, kwa hiyo watu wanapiga hesabu kwamba nikitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi nitawahi. Huwahi. Kipunji anaamka na jua, asubuhi ndio anahangaika kula na ndio anapiga kelele, na mwongozaji anamtafuta kwa hizo kelele. Kampuni za mjini zinachukua watu Mbeya asubuhi na Noah, mnapita sheli, mnamsubiri mmoja aliyechelewa, mnanunua maji Uyole, mnafika kijijini saa nne, mnaingia msituni saa tano, hapo ukungu umeshaanza kushuka na wanyama wametulia juu kwenye majani hata sauti hamna. Mwenzangu wa kazini alikwenda hivo, akarudi anasema kipunji ni hadithi. Sio hadithi, alipelekwa saa ya kulala.

Sisi tulilala Tukuyu, gesti ya kawaida tu ya maji ya moto ya ndoo, na saa kumi na moja alfajiri bodaboda zilikuwa mlangoni. Baridi ya Tukuyu Juni mnaijua wenyewe. Tukapita kwenye mashamba ya chai bado giza, alafu migomba, alafu barabara ikawa ya kushuka kwenye pikipiki na kusukuma, na kulipoanza kupambazuka tulikuwa tumesimama kwenye mwisho wa shamba la mahindi, hatua kumi mbele yake ukuta wa miti.

Hapo mwongozaji akatukusanya. Ni mzee wa makamo, tulimwita baba tu, nae wifi na yule mwalimu akawa anawaita mama, mtoto anamwita kijana. Akasema mambo yake kwa sauti ya chini, taratibu, bila kukariri: anayekohoa au mwenye mafua aseme sasa hivi maana hawa wanyama wanaambukizwa magonjwa yetu ya kifua, simu zote kimya, flashi marufuku, hakuna kunyoosha kidole kwa haraka, hakuna kutupa hata ganda la ndizi, na nikinyanyua mkono hivi wote mnasimama hata kama mguu uko kwenye matope. Mtoto akauliza, "Baba, wakitushukia je?" Akamjibu, "Hawashuki kijana. Wewe ndio unaogopwa hapa."

Msitu wenyewe sasa. Miti mikubwa ina ndevu ndevu za kijani zinaning'inia kila tawi, chini ni matope meusi na mizizi, na kuna majani yanawasha hatari, ukiyagusa na mkono mtupu utajikuna mpaka jioni. Huu upande wa mlima unapata mvua nyingi kuliko karibu sehemu yoyote ya nchi, inafika milimita 3,000 kwa mwaka, kwa hiyo hata kiangazi bado pana unyevu. Gambuti walitupa wao, nzuri, ila saizi za kike hamna, yule mwalimu wa Kyela alivaa namba tisa akajaza soksi. Mwenye gambuti zake aende nazo. Suruali nene, mikono mirefu, koti la mvua hata kama mbingu ni nyeupe, na usivae vitambaa vile vya nailoni vinavyochakacha kila ukipiga hatua, mzee alimvua mtoto jaketi lake kwa sababu hiyo na akampa la kwake la sufu.

Hatukutembea sana kama nilivotarajia. Tulikuwa tunatembea kidogo tunasimama, tunatembea kidogo tunasimama, na kila tukisimama mzee anageuza kichwa anaweka kiganja nyuma ya sikio, anafumba macho kabisa. Sisi hatusikii kitu zaidi ya ndege na maji. Yeye anasikia matawi. Wakati mmoja aliinama akaokota kikonyo cha jani kimetafunwa upande mmoja, akatuwekea kila mtu kwenye kidole tuguse, utomvu bado umelowa unanata. Akasema hii imedondoka sasa hivi, kavu ingekuwa ya jana. Alafu akaangalia juu, akaangalia upepo unakotoka, akatuzungusha tukapanda kwa upande mwingine kabisa tofauti na ule tuliokuwa tunaelekea.

Kundi la kwanza tuliloliona halikuwa lao. Mtoto alishtuka akanong'ona "yule pale!" na kweli kuna mkia na manyoya, mzee akatikisa kichwa, huyo kima. Hapo hakutuharakisha, alitupa darubini mmoja mmoja akatufundisha tofauti: kima ni wa kijivu zaidi na anatembea kwa kujificha, na mbega huwezi kumkosea kwa zile nywele nyeupe za mabegani. Kumbe kipunji mara nyingi anazunguka na hao wengine kwenye miti ileile, kwa hiyo ukiona kima usiondoke, subiri. Tukasubiri. Tukakaa chini kwenye gogo, hamna anayeongea, baridi inaingia kwenye mifupa, nikaanza kuwaza kama ndio basi tena.

Alafu ikaja ile sauti. Siwezi kuiandika vizuri. Ni nzito, inatoka kifuani, kati ya kubweka na honi, inapigwa mara moja inakatika, na mwingine anajibu mbali kule bondeni. Tumbili wanaozoeleka wanalia vyembamba, hii unaisikia mpaka kwenye mbavu. Mzee hakusema kitu, alinyanyua mkono tu. Vipande vya zile ndevu za miti vikaanza kudondoka mbele yetu kimoja kimoja, kimoja kikamwangukia wifi begani akakiacha hapohapo, na juu kabisa kwenye panda la mti mkubwa akatokea jike ana mtoto amemng'ang'ania tumboni. Akakaa. Shungi la kichwani limelowa na umande limegawanyika. Akashika gamba la tawi kwa mikono miwili akalivuta kwa meno mpaka likachanika ukanda mrefu, akawa anatafuna upande wa ndani huku mtoto anajaribu kuushika ule ukanda anaukosa, anaushika anaukosa. Mkia umeinuka nyuma umejikunja, ncha yake nyeupe ndio kitu pekee kinachoonekana vizuri kwenye kile kiza cha majani. Nyuma yake wakapita wengine, sijui wangapi, ni matawi tu yanainama yanarudi, yanainama yanarudi, kundi lao linaweza kufika thelathini na zaidi lakini wewe utawaona watatu wanne.

Wifi yangu alikuwa analia. Mtu ambae tukiangalia taarifa ya habari pamoja anasinzia. Mzee alimuona akamshika bega kidogo akasema, "Ndaga fijo mama, umekuja kuwaona wetu." Ndaga fijo ni asante sana kwa Kinyakyusa.

Tulikaa nao mpaka wenyewe wakaamua kuondoka, na hapa ndio namsifu mzee kuliko kote. Mtoto alitaka tuwafuate, kamera iko tayari, na kwa kweli hata mi nilitaka. Mzee akakataa. Akasema ukimfuata anayeondoka unamfukuza, na ukimfukuza leo kesho akisikia hatua za watu anapanda mlima, na mgeni wa wiki ijayo anakosa. Nimeshawahi kuona waongozaji wa sehemu nyingine wanakimbiza mnyama ili mteja apige picha atoe bakshishi nono. Huyu alikuwa tayari akose bakshishi. Hakuikosa.

Nina shemeji anaishi Finland, huko wana safari za kuangalia dubu, watu wanakaa usiku kwenye vibanda vya mbao wanachungulia dirishani, na nje wamewekewa dubu nyama ili aje. Sisi Afrika kusini mwa Sahara hatuna dubu kabisa, lakini aliponieleza nikawa nalinganisha nikaona huyu wetu wa Rungwe anatafutwa kwa shida zaidi na kwa heshima zaidi, hamna chambo, ni masikio ya mzee tu. Kitu ambacho wenzetu wametuzidi ni kuhesabu wageni. Kuna sehemu Alaska inaitwa McNeil River, dubu wanakusanyika kula samaki, na wanaoruhusiwa ni watu kumi tu kwa siku, tena kwa bahati nasibu. Ukikosa mwaka huu unaomba mwakani. Nadhani umeona naelekea wapi.

Tulipokuwa tunashuka tulipishana na kundi la gari mbili, limeletwa na kampuni ya mjini, watu ishirini hawakosi, kuna aliyevaa shati jekundu la mpira, kuna mwenye spika ndogo inapiga muziki kwenye begi, na mwongozaji wao ni kijana mmoja peke yake hajui ashike wa mbele au wa nyuma. Mzee aliwasalimia kwa upole akamvuta yule kijana pembeni wakaongea kwa Kinyakyusa muda mrefu. Spika ilizimwa. Lakini hao watu wamelipa hela yao, na hawataona kitu, na watarudi Mbeya waseme wameibiwa, na kwa kweli wameibiwa. Mi naomba wanaosimamia msitu waweke idadi, sita au wanane kwa mwongozaji mmoja inatosha kabisa, na asiyeweza kufika alfajiri asiuziwe safari ya kipunji, auziwe ya kutembea msituni, nayo ni nzuri tu ila iitwe jina lake.

Kuna na huu mchezo wa kuunganisha kipunji na ziwa Ngozi kwa siku moja, ofa ya mbili kwa moja. Ngozi ni pazuri, lile ziwa la kreta usipime, ila ukiunganisha ndio kila kitu kinakuwa cha kukimbia, saa tatu mnaambiwa twendeni twendeni Ngozi inatusubiri. Ngozi haiendi popote. Nenda siku nyingine.

Chakula walitupikia nyumbani kwa mama mmoja pale kijijini, ndizi na maharage, mboga za majani na parachichi ambalo ukilikata halina hata uzi mmoja, na chai ya tangawizi moto. Hapo ndio tukapata na upande wa pili wa hadithi. Yule mama analima mahindi palepale karibu na msitu, na kipunji anaingia anavunja, hasa mahindi yakiwa mabichi. Akatuambia bila hasira lakini bila kupamba pia, zamani tungeweka mtego, sasa hivi mwanangu anabeba mizigo ya wageni na mimi napika, kwa hiyo naweka mtoto wa kulinda shamba. Hizo elfu themanini nilizolipa nilijua zimekaa wapi, nilikuwa nimekalia benchi lake. Mkienda nunueni ndizi na maparachichi hapohapo kijijini, msisubiri stendi.

Ya kurekebisha yapo. Darubini ni moja kwa watu wanne, na wakati jike yuko juu kila sekunde ina thamani, tulikuwa tunapokezana kwa wasiwasi na yule mwalimu alimwona vizuri kwa sekunde chache tu kabla hajageuka. Wapate mbili zaidi, hata za kukodisha, mi ningelipa. Choo ni cha pale nyumbani kwa mama tu, msituni hamna, wenye watoto wadogo wajue. Na mwenye magoti mabovu asidanganywe kwamba ni matembezi mepesi, hatukufika popote karibu na kilele, mlima unakaribia mita 3,000, lakini ile telezi ya kushuka inataka fimbo na mtu wa kukushika mkono. Msaidizi alimshika wifi njia nzima, kijana mstaarabu sana.

Picha usizitegemee. Kwa simu utapata doa jeusi kwenye majani, kwa kamera yenye zumu ya maana labda, na giza la mle ndani linataka mkono uliotulia. Mtoto alipiga picha nyingi, iliyotoka ni ya mkia.

Msimu mzuri ni kuanzia Juni mpaka Oktoba, masika njia inakuwa mto na bodaboda hawafiki. Wifi ameshawasimulia wenzake wa kikoba, wako kumi na wanne wanataka kwenda Agosti, nimewaambia wagawanyike siku tatu tofauti na mzee ameshakubali, kilichobaki wanagombania nani aende na kundi la kwanza.